Mginko wa Mwatime

Ukimuuliza Mwatime, atakwambia aliinunua nyumba ile ya Garland, huko ughaibuni, kwa ajili ya vyumba vyake vitatu. Uongo mtupu. Aliinunua kwa ajili ya mginko wa mbele, mti ambao kila Novemba majani yake hugeuka manjano yote kwa pamoja, hata wapita njia husimama kuutazama. Aliringa nao mpaka kwenye simu za Mombasa. Asilolisema ni kwamba mti ulikuwa jike, na matunda yake yakiiva yakakanyagwa hunuka matapishi.

Mwaka 2005, wiki mbili baada ya Idi, wanawake wa upande wa Munir, kijana aliyetaka kuposa, walitoka Houston kuja kumtazama Lubna, binti wa Mwatime. Asubuhi ile mama yake Mwatime, bibi wa miaka themanini, alishika ufagio. Kwao mgeni hapokewi kwenye uwanja wenye taka. Mwatime akamnyang'anya. Alitaka majani yaachwe njiani, wageni wayakanyage kama zulia.

Wakayakanyaga, na matunda yaliyojificha chini yake vilevile. Viatu walivivua mlangoni kwa adabu zao, lakini mabuibui yao marefu yalikuwa yakiburutika chini, na pindo zikauingiza uchafu wote sebuleni. Kwanza ilikuja harufu ya samli iliyooza. Kisha matapishi hasa. Kinyaa kilimpanda Mwatime, akairudisha sambusa sahanini. Akaleta udi, na hapo ndipo alipoharibu. Chetezo kilipopitishwa chini ya nguo, kama ilivyo desturi, moto ukazipasha pindo na uvundo ukazidi.

Mama Munir akaweka kikombe chini. Alitazama huku na huku, macho yake yakaenda kutua kwenye kiti cha pembeni alikoketi yule bibi.

Mwatime alijua la kusema: ni mti wangu, na mimi ndiye niliyekataza kufagia. Lakini angelitamkaje, na nusu saa nzima amekuwa akiusifia? Na akinyamaza, Houston yote itaambiwa kwao Lubna kunanuka, na posa ndiyo imekwisha.

"Mtuwie radhi," akasema. "Mama ni mtu mzima, siku hizi hajizuii."

Nyuso zikalainika. Maskini, wakasema, sote tunaelekea huko. Mama Munir akasema binti aliyekulia katika nyumba inayotunza wazee hapatikani kirahisi, akamvisha Lubna pete.

Bibi, aliyekuwa ameoga na kujitia marashi tangu alfajiri, alishika ukuta, akaenda bafuni, akaoga tena, akarudi na kanga nyingine.

Wageni walipoondoka Mwatime alimfuata chumbani akitafuta la kusema. Kinyaa kilikuwa bado hakijamtoka, ila sasa alijionea mwenyewe.

Mama yake alikuwa akiikunja ile kanga safi aliyoivua.

"Siku ya harusi," akasema, "mtaniacha nyumbani."