Gunia la Pili la Nalukale

Januari ya mwaka sabini na tano ilimkuta Asajile amechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Alikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya kilimo ya wilaya ya Mbozi kwa mwaka wa kumi na nane sasa. Mvua zilikuwa zimekataa misimu miwili mfululizo, na katikati ya ukame huo watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya. Kijiji ulichokihesabu mwezi wa tano, mwezi wa kumi unakikuta ng'ambo ya mto, kina jina jingine na mwenyekiti mwingine. Yeye alitakiwa kuvipanga vyote kwenye fomu kana kwamba havikusogea hata hatua moja.

Wenzake ofisini walidhani takwimu ni kazi ya kujaza visanduku. Hakubishana nao. Watu wa mbegu walikuwa na mbegu zao, watu wa mifugo walikuwa na ng'ombe wao, na yeye alikuwa na namba zake na mashine ya kuhesabia ya kuzungusha kwa mkono, iliyokwama kila ilipofika saba. Aliipenda mashine ile kama mtu anavyompenda punda mkaidi aliyezeeka naye.

Utaratibu wa kazi ulikuwa hivi. Wakati wa mavuno mabwana shamba walichagua vishamba kadhaa katika kila kijiji, wakavuna, wakapima, wakatafuta wastani wa magunia kwa eka moja. Wastani huo waliuandika kwenye madaftari yao pamoja na nukta zake zote. Daftari likaenda kwa karani wa kata, na karani wa kata akajaza fomu ya kuleta wilayani. Wilaya ikaunganisha fomu za kata, ikapeleka mkoani, na mkoa ukapeleka Dar es Salaam, ambako ilisemekana kuna mashine kubwa inayosoma kadi zilizotobolewa matundu. Mashine hiyo ilikuwa imeyapa magunia kisanduku kimoja tu. Ukitaka kuiambia gunia moja na robo, haikuwa na pa kuiweka robo.

Kwa hiyo namba zilikuwa zinakatwa, na aliyefundisha namna ya kuzikata ni Asajile mwenyewe. Miaka mitatu nyuma aliwaita makarani wa kata wote kwenye semina ya siku mbili pale Mlowo. Nukta ziliwatesa sana. Mmoja aliandika moja nukta mbili nane, mwingine akaisoma kumi na mbili na nane, na chai ya saa nne ikaja hawajaelewana. Asajile akawahurumia. Akawaambia waache hizo nukta, waandike kwa nusu gunia, ile nusu iliyo karibu zaidi. Moja, moja na nusu, mbili, mbili na nusu. Wakapumua wote. Naye akifika kwenye fomu ya wilaya, anaziondoa nusu kama kanuni ya shuleni inavyosema: nusu inapanda juu. Alirudi nyumbani siku ile ameridhika, na mkewe Loisi alimsikia akipiga mluzi.

Mahindi ya njano ya msaada yalipoanza kupanda kutoka bandarini, ilikuja barua. Kijiji chenye gunia moja kwa eka, au pungufu, kitapewa mahindi. Chenye mawili kinajitosheleza. Orodha ikatengenezwa kutokana na fomu za Asajile, na Asajile akaweka sahihi.

Jumatatu moja asubuhi alimkuta mtu ameketi kwenye benchi la nje. Alikuwa na koti la suti lisilo na suruali yake, na miguu imejaa matope makavu mpaka magotini. Akajitambulisha kuwa ni Yonasi, katibu wa kijiji cha Nalukale, kule chini kwenye joto, mbele ya Chitete. Alikuwa ametembea siku mbili, akapata lori la chumvi mpaka Tunduma, akalala uani kwa mfanyabiashara mmoja aliyemhurumia, kisha akapanda tena mpaka hapa. Asajile akamwagizia chai. Yule bwana akainywa polepole kwa adabu, akikishikilia kikombe kwa mikono miwili.

Yonasi hakuja kugomba. Alieleza kwamba walimwuliza katibu kata kwa nini Nalukale haimo kwenye orodha, wakaonyeshwa fomu imeandikwa mbili. Wakafanya mkutano wa kijiji. Wakajiuliza nani alivuna magunia mawili, kila mtu akamtazama jirani yake, na hakupatikana.

"Kwa hiyo wamenituma," alisema. "Wamesema, katibu, nenda wilayani ukalichukue hilo gunia la pili. Kama lipo huko, tutashukuru."

Asajile alitaka kucheka kidogo, kisha akaona kuwa yule bwana hatanii. Akamwomba asubiri.

Madaftari ya mabwana shamba yalitakiwa kuchomwa baada ya fomu kupita, lakini hakuwa na moyo wa kuyachoma. Yalikuwa kwenye sanduku la bati chini ya meza, yamefungwa kwa kamba za katani. Akalifungua lile la Nalukale. Vishamba kumi na viwili, vimepimwa vizuri, mwandiko safi. Wastani: moja nukta mbili nane.

Alikaa akiitazama namba ile. Kila gunia ni madebe sita, basi eka ya Nalukale ilitoa madebe saba na ushee. Akachukua fomu ya kata. Nusu iliyo karibu zaidi na moja nukta mbili nane ni moja na nusu, na karani wa kata aliandika moja na nusu, kama alivyofundishwa. Akachukua fomu ya wilaya. Moja na nusu, nusu inapanda juu, mbili. Mwandiko ulikuwa wake. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Kila mtu alifuata kanuni, na madebe saba yakawa kumi na mawili. Angeikata mara moja tu, kutoka kwenye daftari, ingekuwa moja na Nalukale ingekula.

Aliona aibu, ile ya mtu aliyewafundisha wengine kosa akalipigia mluzi.

Akayatoa madaftari yote. Alizungusha mashine mpaka mchana, ikakwama kwenye saba, akaipiga kofi, akaendelea. Kila kijiji ambacho wastani wake ulianzia moja na robo mpaka karibu na moja na nusu kilikuwa kimepandishwa mara mbili badala ya kushushwa mara moja. Vilikuwa kumi na kimoja. Nalukale ndicho pekee kilichotuma mtu.

Akaenda na karatasi kwa mkuu wake, Bwana Amri, mtu wa Pangani, mpole, ambaye alikuwa anailaani baridi ya Mbozi kila asubuhi na hakuvua sweta hata kwenye jua. Bwana Amri alisoma karatasi mara mbili. Alielewa upesi kuliko Asajile alivyotegemea, na hilo halikumfariji.

Bwana Amri akasema Jumatano kuna lori linakwenda upande wa Chitete, na lina nafasi ya magunia arobaini. Nalukale iandikwe kwa mkono chini ya orodha, katibu wake apande lori hilo hilo, mambo yaishe. Kuhusu vile vingine kumi, akaeleza kwa sauti ya chini, haviwezi kuingizwa kimyakimya. Magunia yake hayapo ghalani, yataombwa mkoani, na mkoa utauliza. Wakiuliza, watasimamisha orodha yote mpaka wajue imekosewa kiasi gani, pamoja na Nalukale. Na watataka jina la aliyekosea.

"Aliyelalamika ni mmoja," alisema Bwana Amri. "Mlishe huyo mmoja. Wewe umebakiza miaka miwili ustaafu, mzee wangu. Usijitafutie makubwa."

Asajile alichukua karatasi yake. Alirudi mezani kwake akakaa. Kama angepeleka barua ya vijiji vyote siku ile, lori la Nalukale lingesimama, na yule bwana mwenye matope magotini angerudi kwa miguu akiwa na barua badala ya mahindi. Kama asingepeleka, watu wa vijiji kumi wangeendelea kuitwa wanajitosheleza. Alitamani kuwe na mtu mwingine wa kuamua. Alitamani, kusema kweli, kwenda kulala.

Mwisho alifanya jambo ambalo hakuwahi kujua alipe jina gani. Aliiandika barua Jumatatu ile ile, vijiji kumi kwa majina, na chini yake: kosa ni la karani wa takwimu wa wilaya, aliyefundisha kukata namba mara mbili. Akaiweka kwenye mtoto wa meza. Jumatano asubuhi akasimama barabarani mpaka lori likaondoka, Yonasi ameketi juu ya magunia, anapunga mkono na koti lake limefungwa vifungo vyote. Lilipokata kona, Asajile akaingia ndani, akaitoa barua, akaipeleka posta mwenyewe. Bwana Amri alipojua hakufoka. Alisema tu kwamba angependa kuambiwa kwanza, na kwa wiki nzima hawakunywa chai pamoja.

Mkoa ulijibu kama Bwana Amri alivyosema. Orodha ikasimama. Walitaka maelezo, wakapewa. Walitaka madaftari, yakapelekwa. Wakauliza kwa nini madaftari hayakuchomwa kwa mujibu wa waraka, na hilo likahitaji barua mbili peke yake. Asajile aliacha kula mchana. Loisi alimwuliza kama anaumwa, akamwambia anasubiri posta. Siku ya ishirini na tatu kibali kilikuja, na malori yakateremka kwenye vijiji kumi, katika njia ambayo mvua, sasa ilipoamua kunyesha, ilikuwa imeifanya uji.

Yeye alipewa onyo la maandishi na kukatwa nyongeza ya mwaka. Alilikunja lile onyo akaliweka kwenye Biblia ya Loisi, kwa kuwa hakikuwapo kitabu kingine nyumbani.

Mwezi wa tatu ikaja fomu ya tathmini ya njaa. Ilikuwa na mstari wa vifo, na pembeni maelekezo yaliyopigwa chapa: jaza kwa makumi, kumi iliyo karibu zaidi. Taarifa za kata zilikuwa mbele yake. Vijiji tisa katika vile kumi viliandika hakuna. Ipoma, kilicho mbali kuliko vyote, kiliandika watoto watatu na bibi mmoja, wote katika wiki ya mwisho kabla lori halijafika.

Asajile alisoma tarehe. Mtoto wa mwisho alikufa siku moja kabla ya mahindi. Kuanzia Jumatatu ile mpaka Jumatano barua ilikuwa kwenye mtoto wa meza yake, yeye akilinda lori la kijiji kimoja. Siku mbili. Alizihesabu kwa vidole, yeye mwenye mashine, akazihesabu tena.

Akaandika nne.

Bwana Amri aliileta fomu mezani baada ya saa moja. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamka kwenye homa, na sweta lake mkononi.

"Asajile, mkoani watairudisha. Wanataka makumi. Nne kwa makumi ni sifuri. Kanuni umeifundisha wewe."

"Ndiyo, nimeifundisha mimi."

Asajile akaivuta fomu, akaisoma ile nne kana kwamba iliandikwa na mtu mwingine, na hakuigusa. Akasema kisanduku kina nafasi ya kutosha, na nne ni namba kama nyingine, mashine haiwezi kulalamika. Wakitaka sifuri waiandike wao huko huko. Bwana Amri alishusha pumzi, akaweka sahihi yake chini ya ile ya karani, akaondoka.

Lakini haikumtosha. Alikaa na taarifa ya Ipoma mkononi mpaka jua likaingia dirishani, akaona kwamba katika karatasi ile nzima hapakuwa na jina hata moja. Watoto watatu, bibi mmoja. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuhitaji jina la mtu.

Kesho yake aliomba ruhusa ya siku nne. Bwana Amri alimwuliza sababu, akasema anakwenda Ipoma kuuliza wale wanne waliitwa nani. Akachukua daftari jipya, akavaa viatu vya mvua, akasimama barabarani kungoja lori lolote linaloteremka.