Moyo wa Upande wa Mama

Pale sokoni mjini Gunsan, duka langu la mafuta ya ufuta na duka la Pyo Gyu-cheol hutenganishwa na ukuta wa mbao tu. Yeye na mkewe, Mi-ok, walikuwa wapishi wa mikate ya mchele, ile ya mvuke. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mwanawe. Mimi ni Mama Tae-ung, hata mume wangu ananiita hivyo. Mi-ok alizeekea sokoni akiitwa Mi-ok.

Wapo waliomchokoza. "Mikate yako inaumuka kila asubuhi, mbona wewe huumuki?"

"Nimekuachia wewe uumuke," alikuwa akijibu, "naona kazi unaiweza." Soko zima likacheka, na yeye akacheka.

Ukweli aliniambia mimi peke yangu. Mama yake Gyu-cheol alikufa kwa moyo. Kaka yake mkubwa alianguka jeshini, kwenye mazoezi, hakuinuka tena. Kwa hiyo kabla ya ndoa Gyu-cheol alimwambia mchumba wake, "Damu yetu ina moyo mbovu. Nataka ugonjwa huu uishie kwangu. Mtoto sitaleta duniani nije nimzike." Mi-ok alikubali, akijua moyoni kwamba wanaume hulegea wakizoea nyumba. Huyu hakulegea.

Dada yake, Gyu-hui, alimcheka. "Kaka, unakimbia kivuli chako mwenyewe. Nani asiyekufa?" Akaolewa mjini Daejeon, akamzaa Sol-bi, binti mzuri mwenye maneno mengi.

Miaka ikaenda. Gyu-cheol akaanza kuhema akibeba gunia la mchele, kisha kuhema bila kubeba kitu. Miguu ikavimba. Mi-ok akampeleka hospitali kubwa ya mkoa, wakampima mpaka damu na nyama ya moyo.

Siku ya majibu walimkuta daktari kijana, mwanamke mpole. Akamuuliza Gyu-cheol, "Mama yako alikuwa na kisukari? Masikio yake je?"

"Kisukari alikuwa nacho. Na alikuwa kiziwi kabla hata hajapata mvi. Umejuaje?"

"Ugonjwa wenu ndivyo ulivyo," daktari akasema. "Ndani ya seli za mwili kuna vitu vidogo sana, mitokondria. Ndizo zinazogeuza chakula na hewa kuwa nguvu. Moyo haupumziki, kwa hiyo unazihitaji nyingi mno. Zako zina hitilafu. Moyo wako umekuwa ukifanya kazi na njaa, baba. Umejikaza mpaka kuta zake zimekuwa nene, na sasa umechoka."

Gyu-cheol akaitikia kwa kichwa. Hilo alilitarajia maisha yake yote.

Daktari akataka kumpa la kumfariji. "Jambo moja zuri ni hili. Hitilafu ya aina yako hutoka kwa mama peke yake. Mama anaweza kuwarithisha wanawe, wa kike na wa kiume. Baba hawapi watoto wake mitokondria. Kwa hiyo watoto wako wako salama na ugonjwa huu."

"Wote?" Gyu-cheol akauliza.

"Wote. Unao wangapi?"

Mi-ok ndiye aliyejibu. "Hatukujaliwa."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wale wawili hawakupata mtoto, mjukuu huyo wakampata.

Walipofika nyumbani Gyu-cheol akashika simu, Mi-ok akiwa amekaa pembeni yake.

"Gyu-hui, kaa chini."

"Kaka, unanitisha."

"Ule moyo haupiti kwangu. Unapita kwako. Mpeleke Sol-bi akapimwe, na wewe upimwe."

Dada akapandisha sauti. "Unalipiza kwa sababu nilikucheka?"

"Ningekuwa nalipiza ningenyamaza."

Walipimwa. Gyu-hui anayo hitilafu ile, na binti anayo. Moyo wa Sol-bi bado ni mzima, madaktari wanauangalia kila mwaka, na mtoto yule wa maneno mengi akawa mtu wa kunyamaza.

Usiku ule wa simu, Gyu-cheol alikuwa amemuuliza mkewe kama anamlaumu. "Nikulaumu kwa lipi? Hukujua," Mi-ok akamjibu. Lakini kuna asubuhi nilikuwa nakaanga ufuta, nikasikia mashine yao ya kusaga mchele imezimwa ghafla.

"Nakulaumu," Mi-ok alisema. "Nilidanganya usiku ule. Nakulaumu."

Nikasikia Gyu-cheol akivuta kiti.

"Nilikuomba twende tukawaulize madaktari. Nilikuomba mpaka nikachoka kuomba. Ukasema moyo wa kwenu unaujua wewe."

"Nilisema."

"Sasa nitakuzika wewe, na sina mtu wa kulia naye."

"Nilidhani nakuepusha na kuzika mtoto."

"Ungeniachia niamue mwenyewe!"

Niliondoa sufuria motoni, sikuthubutu hata kuiweka chini. Nikamsikia mwanamume akihema, kisha akasema, "Endelea. Umenyamaza miaka mingi mno." Mi-ok hakuendelea. Alilia, na mume akamwita akae karibu naye, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Gyu-cheol akafariki theluji ikianguka. Kwenye msiba, mahali pa mtoto wa marehemu, alisimama Sol-bi na nguo nyeusi zilizomzidi, akiinama kwa kila mgeni. Gyu-hui alimshika Mi-ok magoti. "Wifi," akasema, akaweka kichwa juu ya magoti hayo.

Mi-ok amefungua duka tena. Mikate ya harusi anapika, ya matambiko anapika. Ila wazazi wakija kuagiza ile myeupe ya sherehe ya siku ya mia tangu mtoto azaliwe, anageuka ukutani na kuniita.

"Mama Tae-ung, hebu waambie mashine imeharibika."

Mashine inanguruma nyuma yake, na wateja wanaisikia. Nami nawaambia, imeharibika.