Bwawa la Pili Linapauka

Yote yalianzia kwenye mayai. Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alimletea msimamizi wa mabwawa ya majitaka mayai sita, na mama huyo alipoyapasua akakuta viini vyekundu ajabu.

"Kuku wako unawalisha nini?"

Jamaa akajikuna shingo. "Majani majani tu, shem."

Majani majani! Hapo hapo akajua anaibiwa. Tena na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi pale mabwawani!

Mtu asiyeijua kazi yao angecheka: nani aibe maji ya vyooni? Lakini maji machafu ya mji mzima yalisafishwa na mwani mdogo usioonekana kwa macho, uliokula uchafu na kuongezeka hadi bwawa likawa kijani kibichi. Ukichujwa na kukaushwa, unga wake wafugaji waliugombania kama chakula cha kuku, maana ulikoleza viini vya mayai.

Basi hakumwondolea macho. Shemeji akiinama, anamchungulia. Akienda msalani, anamhesabia dakika. Na kila asubuhi alichovya chujio lake bwawa la tatu, lile kuukuu ambako shemeji hakufika, kisha akalichovya la pili, alikofanya kazi shemeji, alinganishe kijani. Wiki ya pili haijaisha, bwawa la pili likaanza kupauka. Si alisema! Roho ikamuuma, akaenda kumshtaki kwa meneja.

Meneja akawaita maabara. "Wewe, shemeji yako anasema unaiba mwani."

"Naokota makombo yanayodondoka kwenye trei za kukaushia," akajibu, jasho likimtoka. "Bwawani sijagusa, haki ya Mungu."

"Makombo, eti!" Msimamizi akasonya.

Mpimaji wa maji akainua kichwa kutoka kwenye hadubini. "Hakuna mwizi hapa. Bwawa la pili limejaa wadudu wadogo, wanaufyeka mwani. Ni wale wale wa bwawa la tatu. Nani amechovya chombo kimoja huku na huku?"

Msimamizi akakumbuka chujio lake. Miaka tisa alikuwa akiwafokea wenzake wasichanganye vyombo.

"Aliyefanya hivyo hana kazi kuanzia leo," meneja akasema.

Shemeji alikuwa amemwona kila asubuhi, maana alifagia pale pale kando ya bwawa. Atasema tu, msimamizi akawaza. Baada ya yote niliyomfanyia, kwa nini anifiche?

"Ni mimi, bosi," shemeji akasema.

Hata hapo akamshuku. Huyu anataka nini kwangu? Akamkazia macho aukamate ujanja wake. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja kufukuzwa. Aibu ikamwingia msimamizi.

"Muongo huyu!" akafoka. "Msimsikilize! Chujio ni langu. Nilikuwa namchunga yeye, bwawa nikaliua mwenyewe."