Tumbo la Mdudu-Taa

Miaka kumi na mmoja nawabandika wadudu miguu katika makumbusho haya, na miaka yote hiyo mimi ni kibarua. Kibarua! Jana jioni mwenzangu wa stoo, tunayemwita Miwani, akaangusha sanduku la wadudu wangu wawili wa maonyesho, nyenje na mdudu-taa. Vichwa vikang'oka vyote viwili. "Samahani, dada," akasema. Eti samahani! Nilimwambia anipishe kabla sijamgandisha ukutani kwa gundi.

Umeme nao ukakatika. Nikavibandika tena vile vichwa kwa mwanga hafifu wa dirishani, huku nasonya. Wadudu wenyewe wanalingana ukubwa, wote hufyonza utomvu wa miti, na mabawa yao yamepauka kwa uzee. Kinachowatofautisha upesi ni kichwa: cha nyenje ni butu, mdudu-taa ana pua ndefu iliyo tupu ndani. Haiwaki hata chembe, licha ya jina lake. Bosi alinisumbua wiki nzima nitie balbu humo, hebu fikiria.

Leo asubuhi bosi akalizunguka kabati la kioo nilimowaweka wadudu hao, akatabasamu, akanikabidhi barua ya ajira ya kudumu. "Mama, umetutoa kimasomaso," akasema. Karibu nilie. Nikapiga magoti kufuta vumbi chini ya kioo, na hapo nikaliona tumbo la mdudu-taa. Lina vifuniko viwili, vile vinavyofunika ngoma za kuimbia za nyenje. Mdudu-taa haimbi, jamani! Huyo ni nyenje wangu, nimempachika pua ya mwenzake.

Lo! Nilijichukia. "Bosi, nimekosea vichwa."

Akainama kutazama, kisha akageukia mlango. Watoto wa shule walikuwa wameshapanga foleni nje. Miwani akajifanya anafuta kioo kingine.

"Nani atajua?" bosi akauliza.

"Mimi."

"Wewe? Basi hakuna mtu." Akacheka. "Usinicheleweshe, mama. Ukifungua kioo hicho, nirudishie barua yangu."

Hasira zilinipanda mpaka macho yakaniuma. Miaka kumi na mmoja, na kumbe bado mimi si mtu! Nikaikunja barua, nikamtilia kwenye mfuko wa shati lake.

"Nipe ufunguo," nikamwambia bosi. "Miwani, chemsha maji, gundi hii lazima ilainishwe."

Safari hii nilianza kwa kukagua matumbo.