Kuku wa Jiko Baridi

Mtaani Cimpunda nyumba zimebanana kiasi kwamba ukipiga chafya kwako, jirani ndiye anayekuombea afya. Hata hivyo Aimée alikuwa na vyumba viwili vizima peke yake. Mama yake alikwenda machimboni Kamituga kuuza vitenge, akasema atarudi mvua ikikatika, na kaka zake wakamfuata. Mvua ikakatika, ikarudi tena. Mama akabaki kuwa sauti ya simu, tena siku ambazo simu ilitaka yenyewe.

Kwa hiyo vijana wa parokia walipotangaza mashindano ya kuku, kila kijana achague aina yake na kuifuga mpaka siku ya maonyesho, Aimée alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Gracien, kiongozi wao, aliwashauri wachukue kuku wa kizungu, wale weupe wa nyama: hukaa bandani, hunenepa upesi, huvutia macho ya waamuzi. Aimée akataka wa kienyeji, wa kuzurura. Gracien akamtania kwamba atakuja kuonyesha manyoya tu, nyama imeishia sufuria ya jirani. Wenzake wakacheka, naye akacheka, ila sababu yake hakuitoa. Kuku wa bandani haleti mtu mlangoni. Kuku wa kuzurura hupotea, na aliyepotea hurudishwa. Anayemrudisha hupewa kiti, na mtu akishapewa kiti ataanza tu habari za nani kamkimbia mumewe. Nyumba inajaa hivyo.

Akachagua jike mwekundu, shingo haina manyoya, macho ya umbeya kabisa. Akamfunga kamba karibu na jiko, kama wanavyofanya wote kwa kuku mgeni, alale hapo siku kadhaa mpaka ajue kwao ni wapi. Kosa likawa hapohapo. Jiko lilikuwa baridi. Aimée hakuwa na moyo wa kupikia mdomo mmoja. Jioni alikula kwa Maman Pascaline, jirani wa ukuta mmoja, ambako watoto hula wakigombana na bugali huanguka kila upande.

Siku alipomfungua, kuku akapenya chini ya mabati ya uzio, moja kwa moja kwa Pascaline. Mara ya kwanza Maman Pascaline akamrudisha mwenyewe, akakaa, wakapiga umbeya mpaka mbavu zikauma. Mara ya pili akatuma mtoto, akamrusha kuku juu ya uzio na kukimbilia chakula chake. Baadaye hakuna aliyemrudisha tena; Aimée akawa anamfuata mwenyewe.

Siku ya maonyesho, waamuzi wakaamua kila kuku wa kuzurura afunguliwe, mwenyewe amwite. Aimée akachuchumaa uani pa parokia, akamwaga mahindi, akaita kama mama yake alivyokuwa akiita. Kuku akainua kichwa, akamtazama vizuri, akampita, akakimbilia benchi walipokaa watoto wa Pascaline. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Aimée akacheka nao, angefanya nini?

Njiani kurudi, Maman Pascaline alimbeba kuku kwapani, uso umejaa haya.

"Hii kuku iko yako, Aimée. Nitaifunga, nikuletee."

"Wacha, maman. Mbona nilikwisha kuifunga, na bado ikaja kwako?"

Pascaline akamhamishia kuku kwapa la pili.

"Kuku inafwataka midomo, mutoto yangu. Kwenu hakuna mwenye anaangusha chakula."

Alilisema polepole, bila dharau, na ndiyo maana likaingia ndani.

Jioni hiyo Aimée aliwasha jiko. Akasonga bugali wa watu wanne, akafungua mlango wazi, akakaa kizingitini, akala huku akidondosha matonge chini kama mtoto asiyefunzwa. Kuku akatokea chini ya mabati. Akala, akafuta mdomo kwenye udongo, upande huu, upande ule. Aimée akampa habari zote za siku, nani alivaa nini, Gracien alimtazama nani, na kuku akasikiliza, kichwa upande.

Giza lilipoanza kuingia, akapenya tena chini ya uzio, akaenda kulala kwa watu.