Kifurushi na Jamaa Zake

Mtihani ulikuwa Alhamisi saa mbili asubuhi, na karatasi ya maswali, pamoja na nakala yake ya kompyuta, ilimfikia Bi Sindano Jumanne saa nne. Walimu wenzake walimpa jina hilo kwa ajili ya sindano butu aliyotumia kuandika nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa vidole. Kurasa kumi na nane kwa mkono ni kazi ya siku nne.

"Basi mwanafunzi wako atasomewa," alisema mwalimu mkuu, "kama muhula uliopita."

Muhula uliopita msomaji alikuwa na haraka zake. Aliyabwabwaja maswali kama mtu anayefukuzwa, na msichana pekee asiyeona katika darasa zima akaambulia alama thelathini. Wenzake walimwita Wakili kwa ubishi wake, lakini siku ile hakubisha. Hilo lilimuuma Bi Sindano kuliko matusi. Akaapa kwamba mtoto huyu hasomewi tena.

Shule ilikuwa na mashine ya kuchapa nukta nundu, ila ilitaka maandishi yaliyokwisha kugeuzwa kuwa nukta. Bi Sindano alijua kidogo lugha ya kompyuta iitwayo Python. Alijua pia kwamba kuna watu huko duniani wanaoandika programu ndogondogo na kuzigawa bure, kila moja katika kifurushi chake. Akaenda nyumbani, mwendo wa nusu saa, kutafuta kinachojua kugeuza maandishi. Alikuta vitatu. Cha kwanza hakikuguswa na mwenyewe kwa miaka tisa. Cha pili hakikuwa na maelezo hata mstari mmoja. Cha tatu kilirekebishwa mwezi uleule, na aliyekitengeneza alijibu kila swali la watu bila kununa. Akachukua hicho, akakijaribu, kikafanya kazi mara moja. Akakitia kwenye flashi, akarudi shuleni mwepesi wa moyo.

Kompyuta ya shule ikakikataa. Kifurushi kilitegemea kifurushi kingine, ambacho nyumbani kilikuwamo tangu majaribio yake ya zamani, naye alishasahau. Intaneti shuleni hakuna. Mwalimu mkuu aliiondoa wanafunzi walipogundua michezo. Simu nayo haikushika mtandao pale hata kwa bahati mbaya. Akarudi nyumbani, akaleta hicho kingine. Nacho kikadai kingine tena.

Mumewe alimpokea mlangoni kwa kicheko. "Mke wangu, hicho ni kifurushi au bwana harusi? Mbona hakitembei bila jamaa zake?"

"Kesho nawabeba ukoo mzima," alijibu, wala hakucheka.

Akakaa akasoma maelezo mpaka mwisho, jambo ambalo angelifanya mwanzo angejiokolea miguu. Kumbe ipo amri moja inayokusanya kifurushi na vyote kinavyovitegemea. Jumatano asubuhi akafika shuleni navyo vyote kumi na kimoja. Vikakataliwa. Alivikusanya kwa kufuata Python ya nyumbani, ambayo ni mpya, na ya shule ilikuwa ya zamani.

Hapo alilia, dakika mbili hivi. Mwalimu mkuu akachungulia.

"Msomaji nimeshampata."

"Mwambie asijisumbue," alisema, akipangusa pua.

Akaiuliza kompyuta ya shule toleo la Python yake, na aina yake yenyewe, akaandika namba kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Akaenda nyumbani kwa mara ya nne, akaagiza vifurushi vya toleo lile na si vingine, akarudi bila kunywa hata maji. Saa tisa alasiri kompyuta ikavimeza vyote kumi na kimoja. Akaandika mistari saba ya programu, na mashine ikaanza kugonga karatasi. Alikagua kila ukurasa kwa kidole chake mwenyewe, wa kwanza hadi wa kumi na nane.

Alhamisi msomaji aliletwa hata hivyo, eti kwa tahadhari, akaketishwa kando ya Wakili.

"Huyu ni wa nini?" aliuliza msichana, viganja vyake vikiwa juu ya karatasi.

"Wa kukusaidia," alisema mwalimu mkuu.

"Basi anisaidie kwa kuhama. Ananipumulia."

Msomaji akahama. Wakili akasoma na kupiga majibu kwenye taipureta yake ya nukta nundu mpaka akafika ukurasa wa mwisho. Zilibaki dakika ishirini. Bi Sindano, aliyekuwa akisimamia mtihani, akanyoosha mkono kupokea majibu.

"Bado, Mwalimu."

Msichana akafunua kurasa kurudi hadi ule wa nne, akatafuta swali kwa kidole, akalisoma polepole, akalisoma tena. Kisha akazifuta kwa ukucha nukta za jibu lake na kupiga lingine. Bi Sindano alikuwa amemfundisha miaka minne, na hakuwahi kumwona akilirudia swali la mtihani bila kumwomba mtu amsomee.