Halua ya Ijumaa

Haroub alijivunia unene wa mkewe, Widad, na kila Ijumaa akitoka Chake Chake humletea halua. Mwaka wa uchaguzi wa 2010 Widad alipata kidonda mguuni, kikakataa kupona, hata mguu ukakatwa.

Daktari alimweleza Haroub taratibu. "Mzee, mafuta yakizidi, askari wa kinga ya mwili huyapiga vita visivyokwisha. Mwili huwaka kwa ndani, sukari ikapanda. Kidonda kikija, askari wenyewe wameshavurugika."

"Halua nikimletea mimi," alisema Haroub.

Widad alimsikia kitandani. "Nami nikila kwa raha, bwana. Usijilaumu."

Siku ya tatu homa ilimchukua. Walimzika Vitongoji alasiri, na watu walipoondoka Haroub alibaki kaburini, akimwomba radhi.